Kabla ya Kumfunda Bi Harusi, Nani Kamfunda Kungwi?



Tunawaandikia kutoka Saza, Mkoa wa Songwe, mbali kabisa na bahari. Huku ni machimboni. Wanaume wanashinda kwenye maduara na karasha, na sisi tunashona: mashela, magauni ya kutolea, mabaibui, sare za shughuli. Mnaotusoma Unguja na Pemba mnaweza kujiuliza watu wa bara wana lipi la kuwaambia maharusi wa visiwani. Tunalo, na leo hatutalizungukazunguka.

Hoja yetu ni hii. Mwanamke wa Kiislamu akizidiwa na mawazo, mtu wa kwanza kumsikiliza si daktari. Ni somo wake, kungwi, shangazi, mwalimu wake wa madrasa, au hata fundi anayempima gauni. Hao hakuna aliyewafundisha kusikiliza. Na waliofundishwa kusikiliza, yaani wanasaikolojia na washauri nasaha, wakija kwetu wanakuja na maneno yasiyotuingia. Tunataka makungwi wafundishwe kazi hiyo, kwa lugha yetu na ndani ya dini yetu. Tunataka pia wataalamu wakubali kwamba tiba yao lazima ikatwe kwa kipimo cha mtu atakayeivaa. Wanaopinga wako pande mbili, na wote tutawajibu.

Vumilia, vumilia, vumilia

Bi harusi anapimwa wiki sita kabla ya siku. Akirudi kujaribu, gauni linampwaya kiunoni. Wenzake wanacheka: mahaba hayo! Huenda ni mahaba kweli. Huenda pia hajalala wiki tatu, chakula hakipiti, na moyo unamwenda mbio kila simu ya mchumba inapoita. Ukimuuliza anajibu, "Alhamdulillah, niko salama." Jioni anarudi kwa kungwi kufundwa: kusinga, kufukiza udi, kupika, kumpokea mume, na kufunga mdomo. Ya chumbani hayatoki, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu.

Hatuwatukani makungwi. Wametufunda sisi na mama zetu. Mambo ya tohara ya hedhi, usafi na adabu ya unyumba tumeyajua kwao kabla hatujayasoma popote. Tunachosema ni kwamba mwanamke huyo akirudi mwezi wa tatu, akasema halali, hali, na akisikia hatua za mume mlangoni kifua kinambana, kungwi ana jibu moja tu: vumilia. Likishindwa hilo ana la pili: una jini mahaba.

Majini tunayaamini, kwa sababu Qurani imeyataja. Lakini si kila kilio ni jini. Mwanamke aliyejifungua juzi, anayemtazama mtoto wake na kuhisi hamjui, anaweza kuwa na ugonjwa ambao hospitali inaujua kwa jina na una tiba. Kisomo kifanyike, na hospitali apelekwe. Nani alisema lazima uchague kimoja?

"Ni upungufu wa imani"

Huu ndio upande wa kwanza wa wapinzani wetu. Wanasema Muislamu wa kweli hapati sonona, na kwamba kukaa na mtu ukamweleza moyo wako ni mambo ya wazungu. Swali letu kwao ni dogo: mmesoma visa vya Qurani mkaishia wapi?

Nabii Yaqub, amani iwe juu yake, alimlilia Yusuf mpaka macho yakapofuka, na alikuwa mtume. Bibi Maryam, uchungu wa uzazi ulipomzidi chini ya mtende, alitamani mauti yangemtangulia. Hakukaripiwa. Hakuambiwa imani yake ndogo. Aliliwazwa, akaonyeshwa maji ya kunywa na tende za kula. Angalieni utaratibu huo: kwanza maneno ya kumtuliza, kisha mahitaji ya mwili. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib kwa karibu karibu, na wanahistoria wa Kiislamu wakauita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Kama huzuni ni aibu, mbona tumeipa mwaka mzima katika sira?

Halafu yuko Khawla bint Thaalaba. Mumewe alimtamkia maneno ya dhihari, kwamba kwake ni kama mgongo wa mamaye, akamwacha si mke si mtalaka. Khawla hakukaa ndani akavumilia. Alikwenda kwa Mtume, akaeleza, akabishana, na Mwenyezi Mungu akateremsha hukumu. Sura yenyewe inaitwa Al-Mujadila, mwanamke anayejadiliana. Yeyote anayemwambia bi harusi kwamba kusema yaliyomfika ni kuvunja sitara, kwanza atueleze Khawla alivunja nini.

Wala elimu hii si ya kigeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomshika mtu bila yeye kujua imetoka wapi, na akaeleza namna ya kutibu. Aliwaambia matabibu kuwa nafsi inaugua kama mwili unavyougua. Hayo yameandikwa na Muislamu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na leo tunaambiwa tumeiga wazungu!

Fomu zisizotujua

Upande wa pili ni wa wataalamu wenyewe, na hao pia hatuwaachi.

Semina hufika mpaka huku. Watu huja na gari, makaratasi na fulana. Mmoja husoma maswali kwenye fomu: "Katika wiki mbili zilizopita, umejisikia kukosa matumaini mara ngapi?" Mama wa Kiislamu anajibu, "Hata siku moja." Si muongo. Amefundishwa tangu chuoni kwamba kukata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu ni dhambi kubwa, basi atasemaje mbele ya mgeni kwamba hana matumaini? Fomu inaandika hana tatizo, naye anarudi nyumbani na tatizo lake.

Muulize kwa maneno yake uone. Umelalaje? Chakula kinapita? Ukisikia adhana ya alfajiri, mwili unanyanyuka au unakuwa mzito kama gunia la kifusi? Hapo utasikia: kichwa kinawaka moto, roho inanipaa, nina mawazo mengi, sina raha na kitu. Kwetu maradhi ya moyo husemwa kwa mwili. Anayengojea tutamke "sonona" atangoja sana.

Jambo hili aliliona Malik Badri, mwanasaikolojia tiba wa Sudan aliyefariki mwaka 2021. Mwaka 1975 aliwahutubia wasomi wenzake wa Kiislamu akiwashutumu kwamba wamewafuata wazungu mpaka ndani ya shimo la kenge, akichukua mfano huo katika hadithi ya Mtume. Mwaka 1979 hoja hiyo ikatoka kama kitabu, The Dilemma of Muslim Psychologists. Badri hakusema saikolojia itupwe. Yeye mwenyewe alikuwa akitibu watu kwa njia hizo. Alichokataa ni mtaalamu Muislamu kumeza kila alichofundishwa bila kutenganisha kinachofaa na kisichofaa, kisha akamtibu mgonjwa kana kwamba hana Mola. Ndiye pia aliyekifasiri kwa Kiingereza kile kitabu cha al-Balkhi, sehemu ya nafsi, kikatoka mwaka 2013, ili wasomi wa leo waone kwamba tulikuwa na chetu.

Kufasiri si kurekebisha. Kuchukua maneno ya Kiingereza ukayaweka kwa Kiswahili cha ofisini si kuifanya tiba iwe yetu. Gauni lililokatwa kwa kipimo cha mwanamke wa nchi nyingine, hata ukilibandika jina la Zanzibar, bado linabana kwapani.

Walioweza

Watasema tunaota. Basi tutaje waliofanya.

Zimbabwe, mwaka 2006. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alikuwa amempoteza mgonjwa aliyejiua. Familia ilikuwa haina nauli ya kumrudisha hospitali. Sisi wa Saza, ambao hospitali ya rufaa ya kanda yetu iko Mbeya, tunajua nauli ni nini. Daktari huyo hakuwa na wataalamu wala vyumba, akaanza na mabibi 14 katika kitongoji cha Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, kumsikiliza, kumsaidia achague tatizo moja, na kulitafutia njia hatua kwa hatua.

Mwanzo alilipa benchi jina la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayekaa hapo. Likaitwa Benchi la Urafiki, watu wakakaa. Ugonjwa nao waliuita kwa neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mnaona? Mawazo mengi, kama tunavyosema sisi. Mabibi ndio waliomfundisha daktari jina.

Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA. Walikuwa wagonjwa 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la benchi walikuwa karibu 14 katika kila 100. Katika kundi lililopata huduma ya kawaida pamoja na maelezo walikuwa karibu 50. Mpango huo umeshavuka hadi Malawi na Zanzibar, kwa hiyo ninyi wa visiwani si wageni nao.

Mtasema Harare si Waislamu. Twendeni Pakistani, vijijini karibu na Rawalpindi, kwa Waislamu watupu. Profesa Atif Rahman na wenzake waliwachukua wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake wa kawaida waliomaliza sekondari, wakawafundisha kuwasaidia wajawazito na wazazi wenye sonona. Hawakumwambia mkwe kwamba mke wa mwanawe ana ugonjwa wa akili. Waliingia kwa mlango wa mtoto: tumekuja ili mtoto akue na afya, na kwa ajili hiyo mama naye atulie. Mkwe gani atakataa? Walitumia picha ili asiyesoma aelewe. Utafiti wao ulitoka mwaka 2008 katika jarida la Lancet, ukihusu akina mama 903. Miezi sita baada ya kujifungua, wenye sonona katika kundi lililosaidiwa walikuwa asilimia 23, na katika kundi jingine asilimia 53.

Na nyumbani je? Moshi na Bungoma, ng'ambo ya mpaka Kenya, mwanasaikolojia tiba Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na wenzake wa Marekani, Tanzania na Kenya, waliwafundisha watu wasiokuwa wataalamu kuwatibu watoto yatima wenye kiwewe. Moshi mpango uliitwa Pamoja Tunaweza. Watoto walikuwa 640, wa miaka 7 hadi 13. Walikutana katika vikundi mara 12, walezi nao wakiwa na vikao vyao, na mtoto akapata pia vikao vya peke yake.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020, na tunawasomea yote, si matamu peke yake. Bungoma, mjini na vijijini, watoto walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa kundi jingine, na tofauti ilikuwepo hata baada ya mwaka. Moshi mjini tofauti ilionekana mafunzo yalipoisha, lakini baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa sawa. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Tiba ileile, mafunzo yaleyale, nchi mbili jirani, Kiswahili pande zote, na bado majibu hayakulingana. Kama Bungoma na Moshi hazilingani, anayedhani atachukua kitabu kimoja cha ushauri akakifungua Makunduchi, Tunduma na Saza bila kubadili kitu, anajidanganya.

Ufundi haupatikani kwa semina

Tuzungumze sasa kama mafundi. Hakuna aliyejua kushona kwa kusikiliza mhadhara. Unakaa na fundi wako. Wiki za kwanza unapindua pindo na kufumua. Kisha unakata kitambaa cha bei rahisi huku anakutazama. Siku unapokata hariri ya mteja, yuko begani kwako. Ukikosea mkono, anakuonyesha palepale.

Waliofundisha washauri wa Moshi na Bungoma walifuata mtindo huohuo, na wao wenyewe wanauita uanagenzi. Mafunzo ya darasani yalikuwa mwanzo tu. Baadaye washauri walifanya mazoezi kwa vikundi, wakaanza kazi chini ya wasimamizi wa palepale wanaojua lugha na mila, wakikutana nao kila wiki, na wasimamizi nao wakizungumza na walimu wao. Kule Pakistani mafunzo ya mwanzo yalikuwa ya siku chache. Kilichowaweka sawa ni kukutana na wasimamizi kila mwezi.

Basi tunawaambia wenye mashirika: msituletee siku mbili za ukumbini, posho, picha ya pamoja na cheti, halafu mkapotea. Mwanamke aliyepewa cheti bila msimamizi ataharibu kitambaa cha mwenzake, na kitambaa hicho ni maisha ya mtu.

"Kungwi hana elimu, tena hana siri"

Hoja hii tunaisikia kwa wasomi. Tunakiri wako makungwi wanaotoa mambo ya watu nje, hata katika ngoma, kwa mafumbo ambayo mtaa mzima unayafumbua. Hilo ni jambo la kukomeshwa, na mafunzo ndiyo mahali pa kulikomesha. Siri ni amana, na amana ataulizwa mtu siku ya Kiyama. Mwanamke anayeogopa swali hilo la Mola wake ana msingi wa kazi hii kuliko mwenye digrii asiyeogopa kitu.

Wala hatusemi kungwi awe daktari. Afundishwe mpaka wake. Mwanamke anayesikia sauti zisizokuwepo, asiyekula siku kadhaa, anayezungumzia kufa, mzazi anayeogopa atamdhuru mtoto wake, mke anayepigwa: hao si wa kufundwa. Ni wa kushikwa mkono na kupelekwa hospitali au kwenye vyombo vya sheria, siku ileile. Kumfungia mtu wa namna hiyo ndani kwa jina la sitara si sitara. Sitara ni kumficha mwenzako asifedheheke. Kumficha asipone ni kumdhulumu.

Na wanasaikolojia wasiogope kunyang'anywa kazi. Al-Balkhi, Badri, Chibanda, Rahman na Dorsey wote walikuwa wasomi. Kinachotakiwa ni mtaalamu awe fundi mkuu: afundishe, asimamie, apokee kesi nzito, na yeye pia akae chini afundishwe na makungwi maneno ya watu wake.

Tunachodai

Kwa masheikh na kina mama wa jumuiya za Kiislamu, Bara na Visiwani: madrasa za wanawake mnazo, darsa za wajane na maharusi mnazo. Waiteni wanasaikolojia Waislamu waje wakae na makungwi, wapange pamoja maswali ya kuuliza, majina ya maradhi na mipaka ya kazi. Hubiri moja la Ijumaa linalotaja kwamba sonona ni ugonjwa na si laana litafanya kazi kubwa kuliko mabango kumi.

Kwa vyuo na wizara zinazofundisha washauri: msimpe mtu kibali cha kutuhudumia kama hajui kwa nini Muislamu anajibu "Alhamdulillah" akiwa anateketea, na kama hawezi kupanga miadi nje ya nyakati za swala na futari.

Kwa mama wa bi harusi: unauliza bei ya mapambo, ya mpishi na ya hina. Uliza na hili kabla hujamkabidhi mwanao kwa kungwi. Mwanangu akirudi kwako analia, utamwambia nini? Akikueleza jambo la ndani, litafika wapi? Akizidiwa, unamjua nani wa kumpeleka? Kama jibu la yote matatu ni "nitamwambia avumilie", tafuta mwingine.

Na kwako wewe bi harusi, mdogo wetu. Subira ni ibada, na hatutakwambia uiache. Lakini subira ya Yaqub ilikuwa na machozi, ya Maryam ilikuwa na maji na tende, na ya Khawla ilikuwa na miguu iliyomfikisha kwa Mtume. Usilale na maumivu kwa sababu tu mtu amekuambia kusema ni dhambi. Mtafute wa kumwambia. Na kama huku kwetu hayupo aliyefundishwa, basi tudai awepo, tena tudai kwa sauti.

Wabillahi tawfiq.